Kijana Ameshika Kisu: Tuulize Nyumba au Tuulize Mtaa?

Mwezi wa pili, hapa karibu na Bondeni mjini Nakuru, kijana wa miaka 16 alimdunga mwenzake kisu cha jikoni kwa sababu ya simu. Aliyedungwa alipona. Ana kovu chini ya ubavu, na simu haikupatikana.

Kikundi chetu cha mtaa kilikuwa na shilingi 38,000 za akiba, na kila mtu akawa na wazo la kuzitumia. Upande mmoja ulitaka tuite wazazi Jumamosi mbili, tumlipe mshauri, tununue soda na mandazi. Upande wa pili ulitaka tufungue ukumbi wa mtaa kila jioni ili vijana wapate pa kukaa. Wa semina walikuwa wakisema, bila kusema, kwamba kosa lilianzia nyumbani. Wa ukumbi walikuwa wakisema kosa liko barabarani. Mimi ni katibu, na niliwahi kuwa mwalimu, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuziweka pande zote mbili mezani. Haya ndiyo niliyoyaandika, nikiyaongezea kidogo kwa ajili ya wengine wanaokalia kamati kama yetu.

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye baraza la chifu. Mzee wa Nyumba Kumi alisimama wa kwanza. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," akasema, akaketi kana kwamba kesi imekwisha. Mama wa kijana aliyedunga, ambaye huuza mboga, hata hakusimama. Alimjibu akiwa palepale kwenye benchi: "Mzee wangu, mimi natoka hapa saa kumi alfajiri kwenda soko la Wakulima. Narudi saa moja usiku. Huo ulimwengu unaousema si ndio ninyi mnaoshinda hapa mchana kutwa?"

Baraza likacheka, kisha likanyamaza. Tangu siku hiyo nimeigeuza ile methali upande huu na ule. Tunaitumia kumchapa mama, lakini ndani yake mna walimu wawili, na mwalimu wa pili sijawahi kusikia ameitwa kwa chifu.

Saa ziko mikononi mwa nani

Tuanze na hesabu ambayo hata mzee hakuipinga. Kijana wa shule ya kutwa huondoka nyumbani kabla ya saa moja asubuhi na kuachiliwa mnamo saa kumi jioni. Mama wa soko hufika saa moja usiku, jiko halijawashwa, mtoto mdogo hajaoga. Saa nne watu wamelala. Nyumba basi ina saa tatu, na moja ni ya sufuria. Shule ina zake tisa. Zile tatu kati ya saa kumi na saa moja hazina mwenyewe. Kisu cha mwezi wa pili kilitoka mfukoni saa kumi na mbili kasorobo.

Kwa wa bweni mambo yanazidi. Mihula mitatu ni karibu miezi tisa ya mwaka, na mzazi humpokea mtoto likizoni kama mgeni mwenye sanduku. Hata hivyo bweni likiungua, neno la kwanza kusikika ni "wazazi wa siku hizi". Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa katika moto wa bweni la Kyanguli kule Machakos, moto ambao wanafunzi wenzao walishukiwa kuuwasha. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Tukubali kwamba mkono uliowasha kiberiti ulilelewa nyumbani kwa mtu. Kufuli je, ilikuwa ya mzazi gani?

Lakini usikimbilie kuiondoa nyumba kwenye kesi. Nilifundisha Kisumu miaka sita, na baadhi ya wanafunzi wangu walitoka Obunga, ambako akina mama hukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishatoa minofu ya kupeleka ng'ambo. Kazi hiyo haina mchana wala usiku. Nilikuwa na wavulana wawili wa ploti moja, mama zao wote wawili wa karai na mafuta, baba zao hawaonekani. Mmoja alipigana karibu kila wiki. Wa pili hata nzi angempisha. Niliwatembelea wote, na tofauti niliyoiona ilikuwa ndogo mno. Mama wa mkorofi, akirudi usiku, aliuliza, "Umekula?" Mama wa mpole aliuliza umekuwa na nani, mama yake ni yupi, mlipitia njia gani. Na mtoto alikuwa akijibu.

Hilo la kujibu ndilo lenye uzito. Mwaka 2000 watafiti wawili waliofanya kazi Uswidi, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walionyesha kwamba mzazi hujua mambo ya kijana wake hasa kwa sababu kijana mwenyewe anayasimulia, kuliko kwa sababu mzazi anamchunguza. Kwa hiyo saa tatu za usiku zinaweza kutosha, kama miaka kumi ya nyuma ilijenga mazoea ya kusimulia. Na kama ile miaka kumi ilikuwa ya makofi na kelele, mzazi anaweza kushinda nyumbani mwaka mzima na asiambiwe kitu.

Alianza lini?

Swali hili lilinisaidia kuliko mengine yote, na ningependa kila kamati ianze nalo.

Terrie Moffitt, mwanasaikolojia, ni mmoja wa wale waliofuatilia watoto 1,037 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973. Mwaka 1993 aliandika kwamba vijana wakorofi si kundi moja. Wako wachache wanaoanza wangali wadogo kabisa: kuuma, kupiga, kutesa wenzao, kutotulia. Hao mara nyingi wana shida iliyoanza mapema ya akili kutulia na kujizuia, na juu yake malezi makali au yaliyovurugika, na wengi wao huendelea hadi utu uzima. Kundi la pili ni kubwa zaidi. Hao walikuwa watoto wa kawaida, wakageuka kwenye ujana wakiwa katikati ya wenzao, na wengi huacha wakishapata kazi na majukumu.

Hapa mtaani huhitaji mtafiti. Nenda kwa mwalimu aliyemfundisha darasa la pili, muulize alikuwaje. Nilifanya hivyo kwa kijana wetu wa kisu. Mwalimu alicheka: "Yule? Alikuwa analilia kalamu ikianguka." Alianza kubadilika akiwa na miaka 14, siku alizoanza kukaa na wakubwa pale bezi, kijiwe chao nyuma ya wanakoosha magari.

Ukipata jibu kama hilo, semina ya wazazi inaanza kuonekana kama kumpa dawa ya tumbo mtu mwenye jino bovu. Jibu likiwa "huyo tangu chekechea alikuwa akiwapiga wenzake mawe", basi ukumbi wenye meza ya mchezo hautamfaa kitu, na atawavuruga wengine humo ndani.

Jirani aliyenyamaza

Hapa ndipo mimi na mzee tulipogombana zaidi, na hapa ndipo nadhani mtaa una deni kubwa kuliko unavyokubali.

Mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake walichapisha utafiti wa Chicago: wakazi 8,782 katika mitaa 343. Waliwauliza mambo mepesi. Ukiona watoto wametoroka shule wamesimama kwenye kona, majirani watafanya lolote? Wakimtusi mtu mzima je? Mitaa ambayo watu waliaminiana, na wakawa tayari kuingilia kati kwa faida ya wote, ilikuwa na ukatili mdogo, hata baada ya kuzingatia umaskini na kuhamahama kwa wakazi. Umaskini ulikuwa na nguvu, lakini haukuwa jibu zima.

Nililisoma swali hilo la kona nikaona ploti yetu. Vyumba kumi na vinne, choo kimoja, kila mtu anamjua mtoto wa kila mtu. Zaidi ya wakubwa watano walimwona yule kijana akizunguka na kisu kiunoni wiki nzima. Niliwauliza mmoja mmoja. Majibu yalifanana hata maneno: "Mwalimu, si mtoto wangu."

Wanasema hivyo kwa sababu wameshaungua. Jirani mmoja, mwanamume wa makamo, aliwahi kumshika sikio mtoto wa mwenzake aliyekuwa akirushia matatu mawe. Jioni mama alikuja mlangoni na mwiko mkononi: "Nani alikutuma? Umeshindwa na wako ukaja kwa wangu?" Ploti nzima ilisikia. Tangu siku hiyo hata moto ukiwaka kwa mtoto wa mtu, anapita.

Ukilinganisha kwa haki, basi, nyumba na mtaa hapa zinashikana koo. Mtaa umeacha kulea, na nyumba imeufukuza mtaa. Methali ya "Mkono mmoja haulei mwana" tunaitundika kwenye kadi za harusi, lakini mkono wa pili ukinyooshwa tunaupiga mwiko. Jirani naye si malaika. Wengine hawasemi kitu mpaka siku ya kosa, kisha wanafika na tairi na petroli. Huko si kuingilia kati.

Nilimwuliza mama wa mboga kama angekubali jirani amwonye mwanawe. Alifikiri. "Amwonye, sawa. Lakini aje aniambie usiku huohuo, si mbele ya watu." Niliandika hayo kwenye daftari kwa herufi kubwa. Ni makubaliano ambayo hayagharimu hata senti moja katika zile 38,000.

Vitu vinavyopita nyumba na mtaa kwa kimo

Yapo mambo ambayo wala mama wala jirani hawezi kuyabeba. Pale Mumias, kiwanda cha sukari kilichokuwa kikilisha maelfu ya wakulima kiliingia mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, Septemba 2019, baada ya miaka ya kuyumba. Miaka hiyohiyo ya njaa vijiji vya Mumias na Matungu viliishi kwa hofu ya genge lililojiita 42 Brothers. Sisemi sukari ikikauka kisu kinanolewa. Wapo maelfu waliokosa malipo ya miwa na watoto wao hawakumgusa mtu. Ila baba aliyekuwa akiheshimiwa kwa tani zake akibaki kukaa chini ya mwembe, neno lake nyumbani linapungua uzito, na kijana analiona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hapa Nakuru tuna genge letu: Confirm. Mwaka 2022, wanawake walipokuwa wakiuawa kwenye nyumba zao upande wa Mawanga, polisi waliwahusisha watu wa kundi hilo. Genge la namna hiyo lina kitu ambacho nyumba na ukumbi havina, nacho ni pesa ya leo.

Halafu kuna siasa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyozichunguza, na Nakuru na Kisumu ni kati ya miji iliyoumia sana. Waliokuwa na miaka mitano wakati ule wakichungulia dirishani leo ni watu wazima wenye watoto. Waliona mapanga yakishikwa na wakubwa, yakiitwa ulinzi wa jamii. Kila uchaguzi bado kuna mtu mwenye gari zuri anayetafuta vijana wa "kazi ya siku mbili". Huyo tukimwuliza kuhusu maadili ya vijana atatupa hotuba ya malezi, na kipaza sauti atakileta mwenyewe.

Sheria imemshika nani?

Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 14 hudhaniwa hawezi kutofautisha jema na baya, mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Maana yake mtoto wa miaka 11 akijeruhi mtu, hakuna wa kumpandisha kizimbani. Maswali yote yanarudi kwa wakubwa. Mwenye miaka 15 hadi 17 akipatikana na hatia anaweza kufika Borstal, yaani gereza la kurekebisha vijana, kama ile ya Shikusa kule Kakamega, lakini Ibara ya 53 ya Katiba inataka kumzuilia mtoto kuwe njia ya mwisho kabisa.

Ibara hiyohiyo ina mstari ambao ningependa usomwe kwenye kila baraza: wajibu wa kumtunza mtoto ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Baba wa kijana wetu anaishi Free Area, safari ya matatu moja. Jina lake halikutajwa saa mbili nzima. Tukisema "mzazi" tunamaanisha mwanamke aliyekuwa karibu kukamatwa kwa maneno.

Wanaotaka mzazi afungwe hupenda kutaja Marekani. Novemba 2021 Ethan Crumbley, mwenye miaka 15, aliwaua wanafunzi wanne katika shule yake huko Oxford, Michigan. Mwaka 2024 baba yake na mama yake, kila mmoja katika kesi yake, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakahukumiwa miaka 10 hadi 15. Lakini soma kilichowafunga. Baba alinunua bastola siku nne kabla ya mauaji. Asubuhi ya siku yenyewe wazazi waliitwa shuleni, wakaonyeshwa michoro ya kutisha ya mtoto wao, wakakataa kumrudisha nyumbani. Na shule nayo ikamwachia arudi darasani na begi lake ambalo halikupekuliwa. Kwa hiyo hata katika kesi ambayo nyumba ilibeba hatia yote ya jinai, mtaa ulikuwa chumbani umekaa kwenye kiti. Kwetu kisu ni cha kukatia sukuma wiki. Hakuna mzazi aliyempeleka mtoto dukani kumchagulia.

Kuhusu fimbo sitakaa sana. Ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Januari 2021, shule zilipofunguka baada ya korona na visa vya wanafunzi kushambulia walimu vikasikika, waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu George Magoha, alitaka irudi. Wengi kwenye baraza letu walikuwa upande wake. Mimi niliitumia fimbo miaka yangu ya kwanza ya ualimu, na waliochapwa zaidi ndio walioendelea kuchapwa. Ingekuwa dawa wangepona.

Ukiwa na pesa kidogo na lazima uchague

Kama kijana alianza ukatili akiwa mdogo, anza na nyumba, lakini usiite semina. Tumia pesa na muda kwa familia hiyo moja: nauli ya kumpeleka kwa mtaalamu wa hospitali ya umma, mtu wa kuwatembelea kila wiki, baba atafutwe. Semina huleta wasioihitaji. Ile yetu ya mwaka juzi ilikuwa na wanawake 31 na wanaume wawili, mmoja wao akiwa mwenyekiti.

Kama alianza akiwa na miaka 13, 14 au 15, akiwa na wenzake, anza na zile saa tatu. Kwetu mlinzi na stima vingekuwa shilingi 350 kwa siku. Kwa siku tano ni 1,750 kwa wiki. Shilingi 38,000 zinanunua wiki 21 za jioni zenye mtu mzima ndani, au Jumamosi mbili zenye soda. Nilipoiandika hesabu hiyo ubaoni nilijua nimeshaegemea upande.

Na kama tayari analipwa na genge, usijidanganye na ukumbi wala semina. Huyo anahitaji kazi ya kumwondoa hapo na polisi wasiokula na wakubwa wake, na hivyo viwili havinunuliki kwa akiba ya kikundi. Mnachoweza ni kuwazuia wadogo zake wasimfuate.

Kijana wetu alikuwa wa namna ya pili, na kwa ninavyowajua, wengi wa mtaa huu ni wa namna hiyo. Ndiyo maana kwa Bondeni nauweka mzigo mkubwa kwa mtaa kuliko kwa mama wa mboga. Kwako huenda hesabu ikatoka tofauti. Muulize mwalimu wa darasa la pili.

Tulipiga kura: 19 kwa ukumbi, 12 kwa semina. Mzee wa Nyumba Kumi alipinga mpaka dakika ya mwisho. Kisha mtu akauliza ufunguo utakaa kwa nani, na kila mmoja akaangalia simu yake. Mama wa mboga ndiye aliyesema, "Apewe mzee. Si yeye hushinda hapa?"

Alinung'unika, akaupokea. Siku hizi saa kumi na robo yuko kwenye ngazi za ukumbi na redio yake ndogo, anawauliza wanaoingia mama zao ni akina nani.